Nilimpandisha mgeni wa Ujerumani Usambara na begi mgongoni, kumbe mzigo nilikuwa mimi

Mtu wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita niliomba ushauri humu kuhusu mgeni anayetaka kutembea milimani. Nikajibiwa "mpeleke Pangani akaogelee, mlima wa nini". Sikusikia. Nimerudi, magoti ndiyo kwanza yanaanza kukunjika, naandika ili mwenzangu akipata mgeni wa namna hii ajue pa kuanzia. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite.

Mdogo wangu anasoma Ujerumani. Mwanafunzi mwenzake, binti wa miaka 26, alikuwa anakuja Tanzania, akapewa namba ya nyumbani. (Kabla hamjaanza: hapana, sio shemeji yenu.) Nilijua atataka mapango ya Amboni, jioni pweza Raskazone, picha mbili tatu, kwaheri. Siku ya kwanza tu, chai haijapoa, akauliza: milima ya Usambara iko mbali na hapa?

Nikashangaa kaijuaje. Kumbe bibi yake ana ua la chungu dirishani, na kwao ua hilo linaitwa Usambaraveilchen. Amekua akilisikia jina hilo tangu hajui kusoma. Mimi nimezaliwa Tanga, milima hiyo naiona kila nikipita Korogwe, na sijawahi kushuka kwenye basi.

Akasema anataka kutembea kwa miguu, hema na kila kitu mgongoni, Jumamosi na Jumapili. Mama akakubali kwa sharti moja: dada yangu aende. Mtoto wa watu hawezi kulala porini na mwanamume mmoja, tutakuja kumjibu nini mama yake. Tukawa watatu.

Sasa mizigo. Ijumaa asubuhi mgeni alitandaza vitu vyake vyote kwenye mkeka. Hema la watu wawili, likikunjwa halizidi mkate wa boflo. Fuko la kulalia. Godoro la kupuliza. Koti la mvua, nguo moja ya kubadilisha, tochi ya kichwani. Kisufuria chepesi kama karatasi, ndani yake kichwa cha jiko saizi ya ngumi ya mtoto. Na mswaki uliokatwa mpini. Mama akauokota ule mswaki, akaugeuza huku na huku, akanivuta jikoni: "Mwanangu, hawa kwao wana shida?" Nikamweleza anapunguza uzito wa begi. Mama akaniangalia kama naficha jambo. Baadaye nikamwona anamtuma mtoto wa jirani dukani akamnunulie mgeni mswaki mzima.

Begi langu alilipanga mama. Chupa ya chai, kuku mzima wa kukaanga, mkate wa kumimina, mchele kilo mbili, sufuria na mfuniko wake, na lile blanketi la kijivu ambalo kila nyumba analo mtu mmoja tu wa kulibeba. Tukapita kwa muuza duka tukapima kwenye mizani ya mchele: mgeni kilo 9, dada kilo 7, mimi kilo 19. Mgeni akasema kwao wanahesabu mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mbebaji. Mimi nina kilo 63, pigeni hesabu wenyewe. Nikamjibu kwamba kwetu mwenyeji ndiye anayebeba. Naendelea baada ya Isha.

Ngamiani ya Ishirini

Nimeweka kambi hapa. Ila mgosi, mtu anatoka Ulaya, ana hela, anakuja kulala chini na kubeba mzigo kama mpagazi? Hawa watu mateso wanayanunua.

Konda Mstaafu

Ngamiani acha hizo. Nimepiga njia ya Lushoto miaka mingi. Wazungu hao walikuwepo kabla ya baba yako. Lushoto yenyewe Wajerumani waliiita Wilhelmstal, walipanda kukimbia joto la huku chini, na barabara ya Mombo hadi Lushoto, kilomita 33, kona zake ziko palepale walipozikata. Mleta uzi, kwenye hizo kona ulikaa upande gani? Kupanda, asiyezoea akae mbele, kichwa kiangalie barabara. Anayekaa nyuma na simu mkononi, kabla ya Soni tunajua habari yake.

Mtu wa Chumbageni

Konda, nilikaa nyuma na simu mkononi. Tuliache hilo.

Nirudi kwenye gesi maana nimeulizwa pembeni. Jiko la mgeni linafungwa juu ya kikopo cha gesi. Hivyo vikopo haviruhusiwi kwenye ndege, kwa hiyo alikuja na jiko tupu akitegemea kununua huku. Tulizunguka Ngamiani kuanzia barabara ya tisa mpaka tukachoka. Kila duka wanatuonyesha mtungi wa kilo sita. Duka moja jamaa akaingia ndani, akatoka na kopo, akasema kwa kujiamini: "Hii hapa, gesi, inafunga vizuri tu." Dada akalichukua akasoma pembeni. Gesi ya kujazia friji. Tukamrudishia taratibu, tukamwambia asante.

Mgeni hakuhangaika. Akaomba kopo la soda, msumari na wembe. Akakaa kibarazani, watoto wa mtaa wote wamemzunguka, akakata kopo katikati, akalitoboa matundu kuzunguka ukingo, akachomeka kipande kimoja ndani ya kingine. Tukanunua spiriti, ile ya kusafishia vidonda, nusu lita. Akamimina vijiko viwili, akawasha, akaweka kisufuria juu. Baada ya dakika chache maji yanachemka kwa kopo la soda. Mzee mmoja jirani aliyekuwa anapita na baiskeli akashuka kabisa. Tahadhari moja: mchana moto wa spiriti hauonekani. Dada aliunguza ukingo wa kanga akidhani umezimika.

Nesi Mstaafu

Na tahadhari ya pili, mwanangu: spiriti usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nimeyaona. Mtu ana kiu, giza, anashika chupa yoyote. Tia chupa ya umbo tofauti, fungia kitambaa chekundu shingoni.

Wanaopeleka wageni: ule ugonjwa wa kimo watu wanaousikia Kilimanjaro, Usambara usiwatie hofu. Kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, na kilele cha Usambara hakifiki huko. Kinachowaangusha watu ni maji na mbu. Maji ya kijito yanaonekana safi lakini juu kuna ng'ombe na kuna watu. Chemsha au tia dawa ya klorini usubiri nusu saa. Mbu Lushoto ni wachache kwa sababu ya baridi, ila mgeni amepita Korogwe, amelala Tanga. Akirudi kwao akapata homa hata baada ya wiki tatu, aseme hospitali kwamba alikuwa Tanzania. Huko kwao daktari anaweza asifikirie malaria kabisa.

Mchovu wa Makorora

Plastiki je? Hao wapanda milima wanafunika vitu ndani ya begi kwa mifuko mikubwa ya nailoni.

Mtu wa Chumbageni

Mchovu umenena. Alikuwa nao. Nikamwambia mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na sitaki kueleza kituoni. Dada akakata kipande cha turubai la zamani, akalishona kama foronya, likaingia ndani ya begi vizuri. Mvua ilipokuja nguo za mgeni zilikuwa kavu. Blanketi langu la kijivu lililowa na likaongeza kilo zake zingine.

Tuendelee. Basi la Kange, Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, kona, Lushoto magharibi imeingia. Baridi ya kuanzia shingoni. Hii ilikuwa Julai, na mwenye kwenda Juni mpaka Agosti ajue kwamba Lushoto sio Tanga. Nyumba ya wageni wakaandika namba ya pasipoti kwenye kitabu, mwenye nyumba akatuletea mablanketi mawili mawili bila kuombwa.

Pale stendi alitupokea kijana mmoja anayejiita mwongozaji, akamtajia mgeni bei kwa dola, akanigeukia akanikonyeza, kwamba changu kipo. Wakuu, sijui kama ni mimi tu, lakini ule ukonyezo uliniuma kuliko bei. Tukalala. Asubuhi tukaenda wenyewe ofisi ya msitu. Magamba ni msitu wa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ada wanakupa namba ya malipo unalipa kwa simu. Mgeni wa nje ana kiwango chake na sisi chetu, imeandikwa, hakuna wa kumkonyeza mwenzake. Pale pale tukapata mwongozaji mwingine, kijana mpole wa maneno machache, kwa bei ambayo mimi mwenyewe ningelipa.

Kutoka Lushoto kupanda Magamba tukatembea kando ya barabara. Hapo ndipo nilipoijua aibu. Kila anayepita anapunguza mwendo: "Poleni, gari limewaharibikia wapi?" Bodaboda nane, nilizihesabu. Akatufikia mama mmoja, kandambili miguuni, mzigo wa kuni kichwani ambao mimi nisingeunyanyua kutoka chini. Akatusalimia, akatembea nasi kwa heshima huku akipunguza mwendo ili asituache.

"Mnakwenda wapi wanangu?"
"Tunatembea tu mama," dada akasema.
"Mnatembea kwenda wapi?"
"Hatuendi mahali. Tunatembea."
Akanyamaza kidogo. "Na mizigo?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Akatuombea safari njema, akaongeza mwendo, kona ya pili hatukumwona tena.

Ngamiani ya Ishirini

"Na mizigo?" 😂😂 Huyo mama ndiye mimi.

Bibi Mapeasi

Mimi ni mtu wa Soni, nimecheka mpaka wajukuu wamekuja kuniangalia. Mngemwamkia kwa lugha yake angewapa na kuni. Mwambieni mgeni ajifunze manne tu. Asubuhi: onga maundo. Mchana: onga mshi. Akiulizwa hali: niwedi. Na akipewa kitu: hongea. Hayo manne. Mgeni akisema onga maundo kwenye kijiji cha Wasambaa, hata kama amekosea kuvuta sauti, atakaribishwa chai kabla hajafika mwisho wa njia.

Na avae vya kufunika magoti. Milimani kwetu kuna misikiti na makanisa, watu wa dini. Hakuna atakayemtukana, ila watamwonea haya, na mtu akionewa haya hakaribishwi ndani.

Mtu wa Chumbageni

Shikamoo Bibi. Mavazi dada alishamaliza Ijumaa. Yeye mwenyewe alivaa dera, suruali ndani, raba za shule. Mgeni akamwuliza kama ataweza kutembea hivyo. Dada akamwambia "wewe tembea tu."

Ndani ya msitu mkuu sina maneno mengi. Ukungu unaingia kati ya miti kama moshi wa jikoni, mwongozaji anasimama, anaonyesha kwa kidevu, unaangalia dakika nzima huoni kitu, halafu tawi linatikisika na mbega wanne wamekukalia pale pale, mikia myeupe inaning'inia. Mgeni hakutoa hata simu. Alikaa chini kwenye majani machafu akawatazama mpaka wakaondoka wenyewe. Kuna na kinyonga mwenye pembe mbili puani, mwongozaji alimwona kwenye kichaka ambacho sisi watatu tulikuwa tumeshakipita.

Mimi nilikuwa nafikiria mabega. Saa nne asubuhi nilitangaza kwamba ni wakati wa kula kuku. Hakuna aliyekuwa na njaa. Tukala. Saa tano nikatangaza mkate wa kumimina. Saa sita kwenye mpando mmoja wa udongo mwekundu miguu ikaanza kutetemeka yenyewe, nikakaa. Mgeni hakusema neno. Akafungua begi langu, akatoa mchele na sufuria, akavitia kwake. Dada akachukua chupa ya chai. Mnaujua msemo, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wangu jembe alilishika siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, tena mikononi mwangu.

Kijana wa Lukozi

Mkuu hapo pa udongo mwekundu napajua, hata punda wa kwetu hupumzika. Mlitokea upande wetu? Mlilala wapi? Maana kulala ovyo na hema watu wa kijiji hawapendi, wanashtuka.

Mtu wa Chumbageni

Ndiyo, tulitokea upande wenu. Mwongozaji alitupeleka kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukajieleza, akaandika majina. Akatupeleka kwa mama mmoja mjane ana uwanja, ana ng'ombe wawili na kabichi mpaka dirishani. Hiki ndicho kisa nilichotaka kukisema tangu mwanzo, mengine nilikuwa nazunguka.

Jua linazama, mgeni anatafuta pa kuweka hema. Akaona kijisehemu kizuri, tambarare, nyasi fupi, chini ya mti. Mama mwenye nyumba akatoka na ungo mkononi, akasema: "Hapo hapawafai. Hapo hupita wenyewe."

Mgeni akaniuliza anasema nini. Nikatafsiri kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: anasema wenye shamba hupita hapa. Mgeni akasema hema ni dogo, watu watapata nafasi ya kupita. Nikamwambia mama: "Haina shida mama, wakipita watatukuta." Mama akanitazama. Akarudia, "Wenyewe, baba." Nikajibu ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nimechoka, nataka kukaa. Akaenda zake.

Wao wakalala hemani, mimi nikapewa stoo ya kabichi. Saa nane usiku nasikia kelele ya dada, sio ya kuogopa, ni ile ya mtu anayechomwa moto. Natoka na tochi. Dada anaruka uwanjani na kanga, anajipiga mapaja. Mgeni amesimama soksi moja, anajichomoa vitu nyweleni. Nikaangaza hema. Siafu, wakuu. Mkanda mweusi upana wa kiganja unatoka kwenye nyasi, unapanda hema upande huu, unashuka upande ule, kana kwamba hema halipo. Wenyewe.

Mama alishatoka jikoni na karai la majivu kabla sijamwita. Hakukimbia. Akamwaga mstari wa majivu, akaukata mkanda, akamwaga mwingine kuzunguka hema, wale siafu wakageuka wakachukua njia ya pembeni. Akamkalisha mgeni kwenye kigoda akamchambua nywele kwa mwanga wa tochi, mmoja mmoja, kama anamsuka. Mgeni, machozi bado yanamtoka, akasema "hongea" (mwongozaji alimfundisha njiani). Mama akacheka usiku ule wote.

Mimi sikuwa na pa kuweka uso. Kubeba nilishindwa, njia siijui. Kazi moja niliyobaki nayo ilikuwa kusikiliza mtu wa pale anasema nini, Kiswahili kwa Kiswahili, na kumfikishia mgeni, na hiyo nayo niliifanya kwa usingizi.

Kijana wa Lukozi

Pole sana mkuu. Bibi yangu naye hawataji siafu usiku, wala nyoka, nyoka ni "kamba". Ukikuta mzee anazungukazunguka jina la kitu, usitafsiri, uliza tena: mama, wenyewe ndio akina nani? Mtoto yeyote wa pale angekuonyesha. Na majivu mgeni abebe kidogo au aombe kila anapolala. Mafuta ya taa nayo hufaa lakini yanaharibu hema.

Nesi Mstaafu

Wasichojua wengi: siafu ukimvuta kiwiliwili, kichwa kinabaki kimeng'ata. Mshike karibu na ngozi.

Muheza Kwetu

Uzi mzuri, lakini mleta uzi umekosea mlima. Mgeni amekuja kwa ajili ya ua la bibi yake na wewe unampeleka Magamba? Ua hilo hadithi yake iko upande wetu, Usambara ya Mashariki. Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia kwa jina la huyo mkuu. Linaota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Maua mengi ya aina hiyo ya madirishani Ulaya babu zao ni wa pande hizi. Ningekuwa wewe ningempeleka Amani. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, wakajaribu humo kila mti wa dunia, mpaka wa kwinini. Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997. Na wewe mtu wa Chumbageni, maji unayooga yanatoka huku: mto Zigi, bwawa la Mabayani, bomba lako. Ungemwonyesha mgeni maji yenu yanakozaliwa.

Pia kwa wikiendi ni karibu. Muheza asubuhi, Amani mchana. Nyie mmemaliza nusu ya safari kwenye basi.

Konda Mstaafu

Muheza unavutia kamba kwenu. Barabara ya Amani mvua ikinyesha gari linarudi lenyewe kinyumenyume. Lushoto lami mpaka mlangoni.

Muheza Kwetu

Mtu anayetembea kwa miguu lami ya nini, Konda?

Mtu wa Chumbageni

Muheza, ningekujua kabla. Nakubali. Ila Magamba sijutii.

Nimalizie Jumapili haraka maana haikuwa na mengi. Tulishuka na Noah iliyobeba watu na karoti mpaka Lushoto, tukaacha mabegi nyumba ya wageni, tukatembea Irente mikono mitupu, na mimi kwa mara ya kwanza nikatembea kama binadamu. Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla, kama mita elfu moja kwenda chini, nyumba za huko chini zinaonekana kama punje za mchele zilizomwagika, na mbele uwanda wa Wamasai hauishi. Pale shambani Irente wanauza jibini na mkate mweusi. Mgeni akala kimya, akasema unafanana na wa kwao. Dada akasema umeungua.

Kosa la mwisho: tulikawia Irente, basi la moja kwa moja la Tanga likatuacha. Tukashuka Mombo, tukasimama kandokando ya barabara kuu mpaka lilipopita basi linalotoka Arusha kuja Tanga. Tumefika saa nne na nusu usiku. Mwenye ratiba ya Jumatatu ajue hilo, siku ya pili isipite saa saba mchana akiwa bado juu.

Mchovu wa Makorora

Gharama zote mkuu? Na za mgeni alilipa nani?

Mtu wa Chumbageni

Msitu kila mtu kwa kiwango chake, mwongozaji tukagawana mara tatu. Nauli nililipa mimi, na hapo mgeni alikasirika, alitaka tugawane na nauli pia. Dada akamwambia asubiri tukija kwao. Yule mama wa majivu alikataa hela kabisa. Tukamwachia mchele wetu kilo mbili, ambao hatimaye ulikuwa na maana, na lile blanketi la kijivu likishakauka. Mama yangu bado ananiuliza blanketi liko wapi.

Ngamiani ya Ishirini

Kwa hiyo kweli sio shemeji?

Mtu wa Chumbageni

Ngamiani, lala.

Mgeni ameshafika kwao salama. Kile kisufuria chepesi alimwachia mama, mama anapimia sukari. Mswaki mzima alioletewa alisafiri nao, nilimwona anaupakia bila kuukata.

Juzi kaandika kwamba mwakani anarudi, na anamleta bibi yake. Bibi ana miaka 78, mlima hawezi, anataka tu kuliona ua lilipotoka. Muheza Kwetu, swali langu kwako: mwezi gani gari dogo linafika Amani bila kusukumwa, na je, kuna mahali ua lenyewe linaonekana ambapo mzee anafika kwa fimbo?

Muheza Kwetu

Epuka masika, Machi mpaka Mei, na vuli ikikolea Novemba pia usijaribu na gari la chini. Njoo Januari au Septemba, tafuta gari la kupanda, sio taksi. Ua lina sehemu nyingi lakini nyingine ni za kushuka mawe. Fikeni kwanza ofisi ya hifadhi kule Zigi, chukueni mwongozaji, mwambieni umri wa bibi kabla hamjaanza kutembea, atawachagulia. Na mwambieni bibi mapema: hapa halina chungu, limebandika kwenye jiwe, dogo, usipooneshwa unalipita. Asitarajie la dirishani.

Na wakikwambia hapo hupita wenyewe, uliza.